Nadharia za Kujifunza na Utungaji wa Michezo ya Elimu katika Uhalisia Pepe

Istilahi "uhalisia pepe" imekwisha kuingia katika maandishi ya Kiswahili, na hapana budi kuifafanua kabla ya kuitumia. Kwayo hutajwa mazingira yaliyoundwa kwa tarakilishi ambayo mtu huyaona kwa kuvaa miwani izibayo macho yote mawili: akigeuza kichwa, mandhari nayo hugeuka, akinyosha mkono, huuona mfano wa mkono wake mbele yake. Neno "pepe" lenyewe si geni. Mkulima wa mpunga hulitumia kwa punje yenye ganda lakini isiyo na kitu ndani, ambayo kwa mbali haitofautiani na punje nzima mpaka ipepetwe. Waliochagua neno hilo huenda hawakumkusudia mkulima, lakini wamewaachia waalimu swali lililo na manufaa kuliko istilahi yenyewe. Je, mchezo wa elimu unaochezwa ndani ya miwani hii una kiini, au una ganda tu?

Swali hili si la anasa. Mwalimu mkuu aliye na fedha za kununulia ama miwani kumi ama dawa na vyombo vya maabara hana nafasi ya kukosea mara mbili. Anayemwuzia miwani humwonyesha wanafunzi wakipiga mayowe ya furaha, naye huona kwa macho yake kwamba furaha ile ni ya kweli. Asichokiona ni kama wamejifunza. Na hilo haliwezi kuonekana kwa macho. Hupimwa kwa nadharia inayoeleza jinsi binadamu anavyojifunza, na kwa majaribio yanayoifuata nadharia hiyo.

Historia ya vyombo hivi ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alikamilisha chombo cha kufundishia urubani bila kuondoka ardhini. Mwaka 1962 Morton Heilig alipata hataza ya mashine aliyoiita Sensorama, iliyomwonyesha mtazamaji picha, ikampulizia upepo na kumnusisha harufu. Ivan Sutherland alitengeneza miwani ya kwanza iliyoongozwa na tarakilishi mwaka 1968. Katika hao watatu ni Link pekee aliyeanza na mtu anayetakiwa kuweza jambo fulani, kisha akatafuta chombo. Wengine walianza na chombo. Tofauti hiyo ingalipo hadi leo, na michezo mingi ya elimu ni ya ukoo wa Heilig hata pale inapodai kuwa ya ukoo wa Link.

Ushahidi wa hatari hiyo umekwisha kupatikana. Mwaka 2018 Jocelyn Parong na Richard Mayer, wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, walichapisha uchunguzi uliolinganisha makundi mawili ya wanafunzi. Kundi moja lilijifunza habari za chembe za damu kwa kusafiri ndani ya mwili kwa miwani. Jingine lilisoma mambo yaleyale katika kurasa za kawaida kwenye kioo cha tarakilishi, kila mmoja akifunua kurasa kwa mwendo wake. Waliosafiri walivutiwa zaidi na somo. Walipopewa mtihani, waliosoma kurasa ndio walioshinda. Guido Makransky wa Denmark, pamoja na wenzake, Mayer akiwa mmojawapo, walifikia jambo lilelile kwa njia nyingine katika makala yaliyochapishwa mwaka 2019. Wanafunzi 52 wa chuo kikuu walifanya kazi za maabara ya baiolojia iliyoigizwa, mara kwa kioo cha kawaida na mara kwa miwani, huku umeme wa bongo zao ukipimwa. Ndani ya miwani walijihisi zaidi kuwa wamo maabarani, wakajifunza machache zaidi, na vipimo vya ubongo vikaonyesha kwamba akili ilikuwa imelemewa.

Kulemewa huku kuna maelezo ya zamani. George Miller alionyesha mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vichache mno kwa wakati mmoja, navyo ni kama saba. John Sweller, wa Australia, aliujenga mwaka 1988 msingi wa nadharia ya mzigo wa akili: kila somo lina uzito wake lenyewe, na juu ya uzito huo mwalimu anaweza kuongeza mzigo usiohusika na somo kwa namna anavyolipanga. Mtunzi wa mchezo wa uhalisia pepe ana kishawishi kikubwa cha kuongeza mzigo huo. Kwa kuwa chombo kinaweza kuonyesha ndege wakiruka nyuma ya mwanafunzi, anawaweka ndege. Mwanafunzi hugeuka kuwatazama, na kwa muda huo sentensi mbili za maelezo zimempita. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Mwanafunzi amefanya hasa kile chombo kilichomwalika afanye.

Hata hivyo Parong na Mayer hawakuishia hapo, na sehemu ya pili ya uchunguzi wao hutajwa mara chache kuliko ya kwanza ingawa ndiyo yenye faida kwa mtunzi. Waliikata safari ile ya ndani ya mwili vipande vipande, na baada ya kila kipande mwanafunzi alitakiwa aandike kwa muhtasari yale aliyoyaona. Kundi hili lilijifunza zaidi ya lile lililosafiri bila kusimama, na wala halikupoteza hamu yake. Miwani ilikuwa ileile na picha zilezile. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na mahali pa kutua na kazi ya kufanya palepale. Watunzi wengi hukataa jambo hili kwa hofu kwamba kusimama huvunja utamu. Ushahidi hauwaungi mkono.

Ni vyema sasa kutazama mahali ambapo chombo kimefaulu, kwani kukataa kila kitu ni uvivu wa namna yake. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Harvard, alieleza mwaka 1958 mashine za kufundishia ambazo zilimpa mwanafunzi swali dogo, zikamngoja ajibu, na kumjulisha papo hapo kama amepata au amekosa. Nadharia ya Skinner imeshutumiwa sana, na kwa haki, hasa inapojaribu kueleza jinsi mtoto apatavyo lugha. Lakini kuna mambo ambayo hujifunzwa hasa kwa kurudiarudia na kusahihishwa upesi, nayo ni kazi za mikono. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Yale, Marekani, kwa madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Nusu yao walizoezwa kwa chombo cha uhalisia pepe mpaka wakafikia kiwango cha mabingwa. Nusu walifunzwa kwa desturi. Kisha wote waliingia katika chumba cha upasuaji kutoa kifuko cha nyongo. Wale waliozoezwa waliifanya sehemu iliyopimwa upesi zaidi kwa asilimia 29, na wasiozoezwa walielekea mara tano zaidi kukijeruhi kifuko au kuunguza nyama isiyohusika.

Lililo la kustaajabisha katika jaribio hili ni sura ya chombo chenyewe. Hapakuwa na ini, wala damu, wala mgonjwa. Daktari alishika vipini vya kweli vya upasuaji, na kwenye kioo cha kawaida aliona tufe na visanduku, akatakiwa avishike, avipokeze kutoka mkono hadi mkono, avifikishe mahali palipotajwa. Picha haikufanana na mwili hata kidogo. Kilichofanana kilikuwa mwendo wa mkono na uamuzi unaouongoza. E. L. Thorndike na R. S. Woodworth walikuwa wamekwisha kudokeza tangu mwaka 1901 kwamba ujuzi huhamia katika kazi mpya kwa kadiri ya vipengele ambavyo kazi hizo mbili zinashirikiana. Mtunzi anayetumia fedha zake zote kupaka rangi kuta za hospitali, na kumwacha mwanafunzi abonyeze kitufe kimoja ili upasuaji ujifanye wenyewe, amefananisha kile ambacho hakikuhitaji kufananishwa.

Lakini si elimu yote iliyo ya mikono. Mwanafunzi wa fizikia hakosi stadi. Ana nadharia yake mwenyewe, na nadharia hiyo si sahihi. Huamini kwamba kitu hakiwezi kuendelea kwenda pasipo nguvu ya kukisukuma wakati wote, kwa kuwa ndivyo alivyoona tangu utotoni: mkokoteni ukiachwa husimama. Hukariri kanuni ya Newton, hufaulu mtihani, na akiulizwa swali lisilo la mtihani hurejea kwenye mkokoteni wake. Jean Piaget aliyaeleza haya kwa kusema kwamba akili hupokea jambo jipya kwa njia mbili: ama hulikunja jambo ili lienee katika yale inayoyajua, ama hujibadilisha yenyewe ili lipate nafasi. Njia ya kwanza ni nyepesi, na kwa hiyo ndiyo inayotangulia. Ili akili ijibadilishe, lazima ikutane na jambo ambalo haliwezi kukunjwa.

Katika miaka ya 1990 Chris Dede, Marilyn Salzman na Bowen Loftin walijaribu kuunda jambo la namna hiyo. Katika ulimwengu walioutunga, walioupa jina NewtonWorld, mwanafunzi aliingia mahali ambapo mvutano wa ardhi na msuguano vingeweza kuondolewa kabisa. Aliweza kurusha tufe za uzito mbalimbali zikagongana, na, hili ndilo la maana zaidi, aliweza kuacha kuwa mtazamaji akawa tufe lenyewe. Alivaa fulana iliyomtikisa kifua tufe lilipogongwa. Mtu aliyezoea kumwona mwingine akisukumwa sasa alisukumwa yeye, na baada ya kusukumwa akaendelea kwenda bila mkono wowote mgongoni mwake. Hakuna kitabu kinachoweza kumpa jambo hilo, wala maabara ya kawaida, kwa kuwa hakuna duniani mahali pasipo msuguano.

Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi na Piaget huko Geneva, alikuwa na wazo la jamaa moja na hili. Katika lugha ya tarakilishi iitwayo Logo, mtoto humwamuru kobe achore umbo. Akishindwa kujua amri ya kutoa, huinuka na kutembea sakafuni kana kwamba ndiye kobe, na miguu yake humwambia. Jiometri ya mtoto huyo inaanzia mwilini. Inafaa kukumbukwa kwamba sakafu ya darasa ilitosha.

Je, NewtonWorld ilifaulu? Watunzi wake walikuwa wakweli, na ukweli wao ni funzo kwa wanaouza vyombo siku hizi. Waliandika kwamba kipindi kimoja hakikutosha kuzigeuza dhana za wanafunzi kwa kiasi kikubwa, na kwamba miwani iliwachosha baadhi ya wanafunzi na kuwatia kichefuchefu. Ulimwengu wao wa pili, MaxwellWorld, uliohusu uga wa umeme, ulileta matokeo bora zaidi: waliojifunzia humo walizieleza dhana vizuri kuliko waliotumia programu ya picha bapa. Sababu yaweza kukisiwa. Uga wa umeme umeenea pande zote tatu, na karatasi hauwezi kuuonyesha ila kwa kuubana. Chombo kilikuwa na kitu cha kutoa ambacho karatasi haina. Chembe ya damu, kwa upande mwingine, huchorwa vizuri tu.

Tukimwacha Piaget na kumgeukia Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1896, jambo linazidi kuwa gumu. Katika mhadhara wake wa mwaka 1933 juu ya mchezo, Vygotsky alimtazama mtoto aliyepanda fimbo na kuifanya farasi. Fimbo haifanani na farasi. Mtoto hulazimika kuibandua maana ya farasi kutoka katika farasi mwenyewe na kuitia katika kijiti, na kwa kazi hiyo, ambayo yeye huiona kuwa mchezo mtupu, anajizoeza kufikiri kwa maana badala ya kufikiri kwa vitu. Watoto wanaopika ugali wa udongo katika vifuu, au wanaovuta gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, wanafanya kazi hiyohiyo. Sasa mtoto akivishwa miwani akaletewa farasi kamili, mwenye manyoya, pumzi na kwato, ni kazi gani iliyobaki kwa mtoto? Watetezi wa uhalisia pepe wanapoandika kana kwamba ukamilifu wa picha ni faida isiyo na gharama, hawajamsoma Vygotsky, au wamemsoma kwa haraka. Si lazima chombo kikataliwe kwa ajili hiyo. Lakini kwa watoto wadogo mtunzi angefanya vema kuacha baadhi ya vitu bila kukamilishwa, mwanafunzi avitie maana mwenyewe.

Vygotsky ndiye pia aliyesema kwamba kipimo cha mtoto si yale awezayo peke yake tu, bali pia yale awezayo akiwa na mwenzi anayemzidi kidogo. Miwani humtenga mtu. Mwalimu hawezi kuona anachokitazama mwanafunzi, wala mwanafunzi haoni uso wa mwalimu ukikunjamana kwa shaka. Dawa iliyo rahisi ni wanafunzi kuwa wawili wawili: mmoja avae miwani na kusimulia, mwingine aandike, aulize na kuongoza kwa ramani aliyonayo mkononi, kisha wabadilishane. Kwa shule yenye miwani kumi na wanafunzi arobaini mpango huu una faida nyingine isiyohitaji kuelezwa.

Kuhusu mchezo wenyewe, kosa lililozoeleka ni kuliweka somo upande mmoja na mchezo upande mwingine: mtoto hujibu hesabu tatu ili aruhusiwe kupiga risasi dakika moja. Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth, wa Uingereza, waliliweka jambo hili katika mizani mwaka 2011. Walitunga mchezo ambao mtoto hupigana na mifupa inayotembea, kila mmoja una namba kifuani, naye huushinda kwa kuchagua silaha yenye namba inayoigawa ile bila baki. Katika namna ya pili ya mchezo huo mapigano hayakuwa na hesabu, na hesabu zililetwa mwisho wa kila hatua. Watoto wa namna ya kwanza walijifunza zaidi. Na walipoachiwa wachague wenyewe, waliicheza ile yenye hesabu ndani yake kwa muda mrefu zaidi mara saba.

Mchezaji wa bao hangeshangazwa na matokeo hayo. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, hakuna anayehesabu kwanza ndipo acheze. Kuhesabu kete zitakapoishia, zitakachokula na zitakachomwachia mpinzani ndiko kucheza kwenyewe, na anayekosa hesabu hana haja ya kuambiwa na mwalimu kwamba amekosa.

Palipo na elimu ya ufundi, mtunzi atapata msaada kwa Jean Lave, ambaye katika miaka ya 1970 aliwachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia. Aliona kwamba mwanagenzi hafuati mpango wa kazi ya fundi. Fundi huanza kwa kukata kitambaa, akashona, akamalizia kwa vifungo, pindo na pasi. Mwanagenzi huanzia mwisho: vifungo na pindo, kisha kushona, na kukata huja baadaye sana. Sababu ni dhahiri mtu akiishaambiwa. Pindo lililoharibika hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimepotea. Zaidi ya hayo, anayemalizia nguo ameishika ikiwa nzima na ameelewa vipande vyake vinaelekea wapi. Michezo mingi ya kuigiza kazi humwanzisha mwanafunzi pale kazi inapoanzia, kwa kuwa ndivyo inavyosimuliwa. Hakuna nadharia inayodai hivyo.

Limebaki jambo la lugha, ambalo watunzi huliacha kwa mfasiri wa mwisho. Nchini Kenya sera ya elimu inataka mtoto wa madarasa ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na tangu gredi ya nne Kiingereza huwa lugha ya kufundishia. Mtoto wa umri huo akivaa miwani na kusikia sauti ya Kiingereza inayokwenda kasi, anabeba mizigo mitatu kwa pamoja: somo, mandhari na lugha. Kitabu angeweza kukirudia mstari kwa mstari. Sauti humpita kama basi lisilosimama.

Makransky na wenzake wanatoa njia hapa pia. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2019 waliwafundisha wanafunzi majina na sifa za sehemu za seli kabla hawajaingia ndani ya seli kwa miwani. Waliotanguliziwa majina walielewa zaidi kuliko wasiotanguliziwa. Na kwa waliotazama filamu tu faida hiyo haikuonekana. Maana yake ni kwamba chombo hiki, kuliko vingine, kinahitaji maneno yawe yamekwisha kukaa kichwani kabla macho hayajashughulishwa. Maneno hayo kwa sehemu kubwa yapo: kiini, utando, ukuta wa seli, yote yametumika katika vitabu vya baiolojia kwa miaka mingi. Yanayokosekana yaweza kutungwa na mwalimu wa somo akiketi na mwalimu wa Kiswahili. Orodha ya maneno thelathini, iliyojaribiwa darasani kwa juma moja kwa michoro ya chaki, itamwonyesha mtunzi ni dhana zipi zinazohitaji miwani na zipi zinazotoshwa na ubao. Kazi hiyo huhitaji daftari na kalamu, na inaweza kuanza kabla miwani ya kwanza haijanunuliwa.